Akiba ya Matibabu kwenye Simu: Itakufaa Wapi, Itakuacha Wapi

Ukitaka kununua friji, huingii duka la kwanza na kulipa. Unauliza bei maduka matatu, unamuuliza jirani yake inakula stima kiasi gani, halafu ndio unatoa pesa. Sasa hebu kumbuka mara ya mwisho ulipompeleka mtoto hospitalini usiku akiwa na joto kali. Uliuliza bei wapi?

Kuna wanauchumi ambao kwa miaka mingi wamesema matibabu yangeshuka bei kama tungeyanunua vile tunavyonunua friji. Hoja yao ni rahisi: bima ikilipa kila kitu, mgonjwa hana sababu ya kuuliza bei, na hospitali haina sababu ya kuipunguza. Mpe mgonjwa pesa zake mkononi, aone bei, na hospitali zitaanza kushindana.

Marekani wazo hili liliingia kwenye sheria Desemba 2003, Rais George W. Bush alipotia sahihi marekebisho ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Kuanzia Januari 2004, watu walianza kufungua akaunti za akiba ya afya. Unachukua bima ambayo haianzi kulipa bili nyingi hadi utoe kiasi kikubwa kutoka mfukoni mwako, kisha unajiwekea akiba isiyotozwa kodi ya kulipia kiasi hicho. Pesa zikibaki mwisho wa mwaka, ni zako bado. Ukizitoa kununua televisheni kabla ya kufika miaka 65, unalipa kodi na faini ya asilimia 20 juu yake.

Singapore walitangulia. Tangu 1984, chini ya mpango wa Medisave, sehemu ya mshahara huingia kwenye akaunti ya matibabu yako na ya familia yako. Wapenzi wa soko huria husifu sana mpango huu, ingawa sisi tukiuangalia tunaona mkono wa serikali kila mahali: kuweka ni lazima, na kiasi unachoweza kutoa kwa kila tiba kina mpaka. Tena akiba haikuachwa peke yake. Mwaka 1990 ilikuja MediShield kwa ajili ya bili kubwa, na 1993 Medifund kwa wale ambao hawana kabisa.

Kwa nini akiba haikutosha? Jibu moja liko kwenye jaribio lililofanywa na shirika la RAND huko Marekani kati ya 1974 na 1982. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zikapewa matibabu ya bure, nyingine zikalipa sehemu ya gharama. Waliolipa walitumia huduma chache zaidi, na kwa mtu wa kawaida afya haikudorora. Mpaka hapo watu wa soko wana haki ya kutabasamu. Shida ni kwamba waliolipa hawakupunguza tu safari zisizo na maana. Walipunguza na zile za maana, karibu kwa kiwango kile kile. Na maskini wenye shinikizo la damu walidhibitiwa vizuri zaidi pale matibabu yalipokuwa bure.

Hapa kwetu tuliliona hilo bila maabara. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada kwenye hospitali na vituo vyake. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi, idadi ya wanaume waliokuja ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, kulingana na utafiti uliochapishwa 1992. Hao wengine hawakupona; walibaki nyumbani, na ugonjwa wa zinaa haukai na mtu mmoja. Ada ile ilisimamishwa 1990, ikarudi baadaye kwa awamu, na 2013 ikaondolewa kwenye dispensari na vituo vya afya vya umma.

Kwa hivyo pochi ya afya kwenye simu, kama M-TIBA ambayo pesa zake hutumika tu kwa matibabu kwenye vituo vilivyosajiliwa, ni chombo kizuri kwa kazi yake. Kazi yake ni gharama unazoziona zikija: miwani, meno, vipimo vya kawaida, safari za kliniki ukiwa mjamzito. Hapo una muda, na hapo ndipo unaweza kufanya soko likufanyie kazi. Piga simu vituo viwili au vitatu. Uliza ada ya kumwona daktari peke yake, vipimo peke yake, dawa peke yake, maana bei ndogo mlangoni mara nyingi hulipwa kwenye maabara. Kwenye duka la dawa, uliza kama kuna dawa yenye kiambato hicho hicho kutoka kampuni nyingine. Dawa za presha na sukari zitafutie bei nzuri, sawa, lakini zitengee pesa kabla ya matumizi mengine, kama kodi ya nyumba. Kuruka mwezi mmoja si kuokoa.

Bili kubwa ni hesabu nyingine. Ukiweka shilingi 100 kila wiki, mwaka ukiisha una 5,200. Hizo hazitafika mbali ICU, na ndio maana kila wiki kuna mchango mpya kwenye kikundi cha WhatsApp. Mzigo huo ni wa kubebwa na wengi pamoja. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Una malalamiko yako kuihusu, tunajua, lakini usiache kuilipa eti una pochi.

Kwa dharura, usianze kulinganisha bei. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Halafu kuna jambo ambalo wengi husahau: ukiwa umezimia, hakuna anayeweza kufungua pochi yako. Usimpe mtu PIN. Badala yake, mtumie mtu unayemwamini kiasi kidogo akae nacho kwenye akaunti yake mwenyewe, na mwonyeshe kadi yako ya kitambulisho na namba yako ya SHA unaziweka wapi.