Matairi ya Theluji: Lipi Rahisi, Lipi Ghali?

Mzazi mmoja wa shule yetu ana kijana aliyehamia Montréal, nchini Kanada, kwa kazi. Kijana huyo anataka kununua motokaa iliyokwisha tumika, na fedha zake ni chache. Mzazi ameniuliza: "Mwalimu, atafute matairi ya namna gani kwa ajili ya theluji, asije akamaliza mshahara wake wote?" Kwa kuwa nilipata kusoma katika mji huo kwa miaka mitatu, na kwa kuwa jibu limo ndani ya masomo yetu ya Fizikia na Hesabu, nimeona yafaa nijibu mbele ya wasomaji wote.

Kwanza, sheria. Montréal umo katika jimbo la Quebec. Tangu mwaka 2008 jimbo hilo limeweka sharti la matairi ya baridi, na siku hizi sharti hilo hushika kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Basi kijana wetu hana hiari ya kununua au kutonunua. Hiari yake ni kuchagua lililo rahisi kwa kweli, si lililo rahisi kwa macho.

KWA NINI TAIRI LA KAWAIDA HALIFAI

Mpira ni kitu kinachobadilika kwa joto na baridi. Tairi la kawaida limechanganywa ili listahimili joto. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Sentigredi, mpira wake huanza kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara. Tairi la baridi limechanganywa kwa namna nyingine, likabaki laini hata katika baridi kali. Tena meno yake yamechanjwa mikato mingi myembamba, na mifereji yake ni mirefu kwenda chini. Theluji huingia humo ikashindiliwa, na theluji iliyoshindiliwa hushikana na theluji ya barabarani kuliko mpira mtupu ungaliweza kushika.

Hebu tupime faida yake. Umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki ni mwendo mara mwendo, ugawanywe kwa mara mbili ya kizio cha msuguano mara 9.8. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa huenda mita 13.9 kwa sekunde. Katika lami kavu tuchukue kizio cha 0.7: motokaa itasimama baada ya mita 14. Katika theluji iliyoshindiliwa, tuchukue 0.2 kwa tairi la kawaida: itasimama baada ya mita 49. Tuchukue 0.3 kwa tairi la baridi: mita 33. Tofauti ni mita 16. Mtoto akikatiza barabara ndani ya mita hizo 16, mmoja wa madereva hawa atakuwa amekwisha simama, na mwingine atakuwa angali anateleza.

KUSOMA TAIRI

Tairi huandikwa ubavuni, na asomaye hadanganywi. Kijana atafute mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo ilianza kutumika Amerika ya Kaskazini mwaka 1999, na maana yake ni kwamba tairi limejaribiwa katika theluji likapita kipimo. Herufi M+S peke yake hazitoshi, kwa maana hizo husema juu ya umbo la meno tu, wala hazidai jaribio lolote.

Kisha atafute tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 3523 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2023. Mpira hugumuka kwa uzee hata ukikaa ghalani. Nilipokuwa Montréal, muuzaji mmoja wa matairi yaliyotumika alinionyesha tairi linalong'aa, akaniambia ni kama jipya. Nilipolisoma niliona lina umri wa miaka tisa, nikamrudishia kwa adabu. Ulaini ndio tunaolipia, na ulaini wake ulikwisha kwenda.

HESABU YA BEI

Hapa ndipo wengi wanapokosa njia. Wizara ya Uchukuzi ya Kanada hushauri watu wasitumie katika theluji matairi ambayo kina cha meno yake kimekaribia milimita 4. Kwa hiyo milimita 4 za chini tusizihesabu, kwani hazitatufaa. Tunanunua zile za juu yake tu.

Tuseme tairi jipya lina kina cha milimita 8 na bei yake ni dola 120. Milimita zifaazo ni 4, na kila moja ni dola 30. Tairi kuukuu lina milimita 5 na bei yake ni dola 50. Lifaalo ni milimita 1 tu, nayo ni dola 50! Tairi la tatu lilitumika kwa miaka miwili, lina milimita 7, na bei yake ni dola 60. Zifaazo ni 3, na kila moja ni dola 20. Bei hizi ni za mfano, lakini njia ni ya kweli popote. Twaona kwamba si kila kuukuu ni rahisi, wala si kila jipya ni ghali. Kijana achukue kipimo cha kina mfukoni, apime ndipo aulize bei.

Afikiri pia juu ya rimu. Akinunua rimu nne za chuma, zisizo na urembo, matairi ya baridi yatakaa humo siku zote. Hatamlipa fundi kila mwaka kuyavua na kuyavika, na yale ya kiangazi yatapumzika, yadumu zaidi.

Na anunue manne. Akiweka mawili mbele tu, mbele patashika na nyuma patateleza, motokaa igeuke kama pia. Wala asidanganyike na motokaa inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hiyo husaidia kuondoka, lakini katika kusimama haina msaada.

FUNZO KWA SISI TULIO HUKU

Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini? Huko Japani, katika mji wa Sapporo na mingineyo, zamani watu walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilichimba lami, vumbi likawasumbua wenyeji, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Watengenezaji wakashughulikia matairi ya mpira laini sana yasiyo na misumari. Nasi twanunua motokaa nyingi zilizotumika Japani. Mzazi akiona alama ya mlima na chembe ya theluji katika tairi analouziwa, au neno STUDLESS, ajue kwamba mpira huo ni wa baridi. Katika lami yetu yenye joto utakwisha upesi, na breki zake hazitakuwa imara. Lililo jema Montréal laweza kuwa hasara hapa.

Rahisi ni kile kinachofaa kazi yake kwa muda mrefu kwa fedha ulizotoa. Hilo halipimwi kwa kutazama bei peke yake.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Motokaa yaenda kilomita 30 kwa saa katika theluji. Ukitumia vizio vya 0.2 na 0.3, tafuta umbali wa kusimama. Kupunguza mwendo kumeokoa mita ngapi?

2. Tairi lina milimita 6 na bei yake ni dola 45. Je, ni rahisi kuliko lile la dola 120?

3. Tairi lilijazwa upepo wa paundi 32 ndani ya karakana yenye nyuzi 20. Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Onyesha kwa nini kipimo kitashuka hadi paundi 26 hivi. (Usisahau kuongeza mkandamizo wa hewa ya nje, paundi 14.7.)