Mwandishi Asiyetaja Jina

Barua isiyo na sahihi si jambo geni. Toka Ndanda hata Newala twaijua karatasi ipenyezwayo usiku chini ya mlango. Siku hizi karatasi hiyo imeingia katika simu, na husomwa na maelfu. Je, sheria ya nchi yetu yasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Kama ilivyotungwa, kifungu cha 16 chamwadhibu mtu atangazaye uongo kwa makusudi ya kukashifu au kupotosha watu: faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au yote mawili. Mchongezi, basi, hasalimiki kwa kuficha jina. Na ni haki.

Ugumu uko katika kifungu cha 32. Hicho champa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mwenye kutunza habari azitoe kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Amri yatoka kituoni, si kwa hakimu.

Bwana Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016. Polisi walitaka kujua ni akina nani walioandika humo tuhuma juu ya makampuni ya biashara. Yeye alikataa kuwataja. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza shilingi 3,000,000 au kifungo cha mwaka mmoja.

Wengine watasema: mkweli aogope nini kutaja jina? Maneno hayo ni mepesi kwa asiye na bwana wa kumfukuza kazi. Karani aliyeona hesabu za uongo ana watoto wa kulisha. Kweli, mwaka 2015 ilitungwa pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini hiyo yamlinda apelekaye habari kwa mamlaka husika, wala si aandikaye hadharani. Na mara nyingine mtuhumiwa ni rafiki wa mamlaka hiyohiyo.

Kwa maoni yetu, jina lisidokolewe kwa amri ya kituo peke yake. Polisi na aende mbele ya hakimu, aonyeshe kosa gani limetendeka na kwa nini jina lahitajika. Na mtunza habari naye asikilizwe, kabla hajahukumiwa kuwa mkaidi.