Mbegu ya Maharagi Inachaguliwa mu Shamba, Mbele ya Kuvuna



Ku Kivu, nyumba mingi za walimaji ziko na kopo ao mufuko mudogo ambao hakuna mutu anaruhusiwa kuugusa mbele ya mvua ya kwanza. Mukiufungua mutaona maharagi ya rangi mingi: nyekundu, nyeupe, manjano, nyeusi, na yale yenye madoa. Mutu ambaye hajui kilimo chetu anaweza kusema kwamba mbegu hii imechafuka. Kumbe mwenye nyumba, na mara mingi ni mama, anajua kila rangi na kazi yake.

Sisi watu wa miradi pia tulichelewa kuelewa. Watu wakikimbia vita na kurudia, mara mingi miradi inawaletea mbegu ya rangi moja tu, kisha inaona kwamba kazi imekwisha. Ile mbegu inasaidia watu kula, na hilo si jambo dogo. Lakini hairudishe muchanganyiko wenye uliteketea pamoja na nyumba. Kwa hiyo somo la leo ni hili: namna koperative inaweza kuchunga na kutengeneza mbegu yake ya kienyeji, bila kungojea mutu ailete na motokari.

Juu ya nini kuchanganya?

Maharagi hayakuanzia Afrika. Yalitoka Amerika, tena sehemu mbili: upande wa milima ya Andes, kwenye maharagi mengi ni makubwa, na upande wa Mexiko na Amerika ya Kati, kwenye mengi ni madogo. Walimaji wa Kivu, Rwanda na Burundi walipokea aina zote mbili, wakazijaribu mu udongo wao, musimu kwa musimu, mupaka zikakuwa zao. Leo tunaita hayo maharagi ya kienyeji, na ni haki, kwa sababu mikono ya wakubwa wetu ndiyo iliyachagua.

Muchanganyiko ni kama akiba. Aina moja inaiva mbio na kujaza chungu wakati njaa imekaza. Ingine inachelewa lakini inazaa sana. Ingine inavumilia mvua nyingi, ingine udongo wenye kuchoka. Kuko yale yenye majani ya kupendeza mu chungu, na yale yenye rangi ya kupendwa ku soko. Tena ugonjwa hausambae mbio mu shamba lenye kuchanganywa, juu jirani ya mumea wenye ugonjwa pengine ni wa aina ingine yenye inaukataa. Musimu ukikuwa mubaya kwa aina moja, mara mingi ingine inabakia imesimama.

Njia nne zenye kupoteza mbegu

Ya kwanza ni njaa: tunakula mbegu. Ya pili ni soko: muuzaji anataka rangi moja, tunamupa iliyo nzuri, kisha tunapanda iliyobakia. Ya tatu inatokea mu shamba lenyewe, na wengi hawaioni: mimea yenye nguvu inafunika ile midogo, na kila musimu ile midogo inapunguka. Hata bila vita na bila njaa, muchanganyiko unaweza kubadilika mu misimu michache tu. Ya ine ni kukimbia: nyumba inachomwa, na mufuko unabakia nyuma.

Kwa hizo njia zote, dawa inaanza na kazi moja: kuchagua mbegu mu shamba, wakati mumea ungali umesimama.

Ua la haragi linatusaidia

Ua la mahindi linapokea unga wa mahindi ya jirani. Juu ya hiyo, mahindi yanachanganyika mbio. Ua la haragi haliko hivyo. Linajizalisha lenyewe, mara mingi mbele halijafunguka. Kuchanganyika na jirani kunaweza kutokea, lakini ni mara chache. Kwa hiyo mumea muzuri wa haragi karibu kila mara unazaa watoto wenye kufanana naye. Mulimaji akichagua mumea, ni kama amechagua shamba la kesho.

Lakini kama tunachagua mu lundo kisha kupiga maharagi, tunaona mbegu tu. Mbegu kubwa yenye kungaa inaweza kuwa ilitoka ku mumea wenye maganda mawili tu. Na mumea wenye ugonjwa unaweza kuzaa mbegu yenye sura nzuri, kumbe ugonjwa uko ndani. Lundo haliwezi kutuambia hayo.

Kazi ya ku shamba

1. Wakati wa maua, pita mu shamba. Mimea yenye majani ya kujikunja na yenye mabaka ya kijani na ya manjano, ngoa na uiondoe. Ni ugonjwa wenye kupitia mu mbegu, na vidudu vidogo vya majani vinaubeba kutoka mumea huu mupaka ule.

2. Maganda yakijaa, rudia tena. Tafuta mimea yenye maganda mengi, yenye haina madoa meusi yenye kuzama mu ganda. Funga kila mumoja na uzi ao kipande cha kitambaa. Usichague pembeni ya shamba, wala karibu na fungu la mavi ya ngombe, juu pale hata mumea muzaifu unanenepa.

3. Chagua ndani ya kila aina. Ukifunga nyekundu tu kwa sababu zinauzwa, umeanza kuua zile zingine kwa mukono wako.

4. Vuna mimea yenye uzi kwanza, maganda yakikauka. Usiyaache siku mingi mu shamba, kwa sababu kidudu kimoja chenye kutoboa maharagi kinaweza kutaga mayai ku maganda kungali ku shamba. Piga polepole, mbegu yenye kupasuka haioti vizuri.

Tuhesabu pamoja

Wengi wanauliza: tufunge mimea ngapi? Kilo moja ya maharagi ya kadiri iko na mbegu 2500 hivi. Mumea wenye maganda 12, kila ganda mbegu 4 ao 5, unaleta mbegu 50 hivi. Basi mimea 50 inatupatia kilo moja.

Kilo moja ya maharagi mafupi inatosha kupanda kipande cha mita 10 kwa mita 10. Kipande hicho kikitunzwa kinaweza kutoa kilo 8. Kwa hiyo mulimaji mwenye kufunga nyuzi 50 mu musimu A, akapanda kipande chake cha mbegu mu musimu B, anafika mwezi wa 9 akiwa na kilo 8 za mbegu yenye anajua kwenye ilitoka. Hiyo si kazi ya mashini, ni nyuzi 50 na macho.

Kutengeneza mbegu: mustari kwa mustari

Koperative yenye kutaka kuendelea mbele inaweza kufanya hivi. Mbegu za kila mumea wenye uzi zibakie mu karatasi yake. Musimu wenye kufuata, kila mumea upewe mustari wake. Hapo mutaona mambo mengi: mustari mumoja wote unaoza mizizi, wa jirani umesimama. Mustari mubaya muondoe wote, hata kama ndani yake kuko mumea mumoja wa kupendeza, juu mara mingi uliponea mahali pazuri tu. Mukikuwa na mbegu za kutosha, mupande mistari ileile mu mashamba mawili, kusudi udongo usiwadanganye. Kisha misimu miwili ao mitatu, mistari iliyobakia muchanganye tena. Wamama wenye kupika waitwe pia mbele ya kukata maneno: haragi lenye kuzaa sana lakini lenye kumaliza makala bila kuiva halitakaa mu nyumba.

Kukausha na kulinda

Anika juu ya bashi ao mukeka, usianike juu ya udongo. Kama unataka kujua kama zimekauka, tia maharagi kidogo mu chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana ku chupa, rudisha ku jua.

Bidoni ya litre 20 ni gala nzuri kama imejaa mupaka juu na kufungwa vizuri: hewa inaisha, vidudu vinakufa. Bidoni yenye kujaa nusu inabakiza hewa, na vidudu vinakula bila wasiwasi. Kwa mbegu kidogo, changanya na majivu yenye kuchungwa, ao paka kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya kupika kwa kilo moja.

Majuma matatu mbele ya kupanda, ufunge mbegu 100 mu kitambaa chenye maji. Kisha siku 7, hesabu zenye zimeota. Zikifika 80 na zaidi, ni vizuri. Zikikuwa 60, pahali pa kopo tatu panda kopo ine.

Usiweke mbegu yote mu nyumba moja

Kisha vita na mauaji ya mwaka wa 1994 mu Rwanda, wengi walifikiri kwamba maharagi ya kienyeji yamepotea. Wachunguzi walipoenda kuangalia, walikuta aina nyingi zingali: watu walizipata kwa jirani, kwa ndugu na ku soko. Yenye kuponyesha mbegu ilikuwa kwamba ilikuwa mu mikono mingi.

Koperative ifanye vilevile, tena kwa mupango. Kila aina iwekwe mu nyumba tatu, na kama inawezekana ku milima tatu mbalimbali. Katibu aandike mu daftari: jina la aina, nani anaichunga, na inafaa kwa nini. Mwenye kukopa kopo moja arudishe mbili wakati wa mavuno, za aina ileile.

Na kila nyumba iwe na chupa ndogo yenye mbegu 50 za kila aina, karibu na mulango. Tunasema hivi kwa huzuni, lakini tunajua maisha yetu. Mutu mwenye kukimbia usiku hawezi kubeba mufuko, anaweza kubeba chupa. Kama kila mbegu inaleta nane, 50 zinakuwa 400, kisha musimu wa pili 3200. Hiyo inapita kilo moja. Muchanganyiko wa bibi yako umerudia.

Na mbegu mupya?

Hatusemi mukatae mbegu ya INERA Mulungu ao ile yenye kupimwa na SENASEM. Kuko aina mupya zenye kuzaa sana ao zenye kuvumilia magonjwa, na hata hizo zilizaliwa kutoka maharagi ya walimaji. Lakini mupya ipande kwanza pembeni, ku kipande kidogo, karibu na yako. Uiangalie misimu miwili. Ikishinda, iingize mu muchanganyiko. Mugeni muzuri anapewa kiti. Hapewe nyumba yote siku ya kwanza.

Maulizo ya kuzungumuza mu koperative

1. Kila mutu alete maharagi yake. Tuko na aina ngapi? Wazee wanakumbuka gani yenye hatuioni tena?
2. Kati ya njia nne zenye kupoteza mbegu, gani inatupiga zaidi hapa kwetu?
3. Nani watatu tunawaaminia kuchunga mbegu, na ku milima gani?
4. Musimu huu, nani atafunga nyuzi 50? Andikeni majina mbele ya kuachana.