SOMO: VIJITABU VYA PENI MOJA

Katika somo hili twataka kutazama jinsi watu wa Uingereza walivyosoma zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Tumelichagua kwa sababu swali lililowasumbua wazazi na makasisi wa siku zile lingali linatusumbua sisi: tufanyeje na hadithi ambazo vijana huzipenda kuliko masomo yao?

1. Nani alisoma nini?
Riwaya mpya kwa kawaida ilitolewa katika majuzuu matatu, na bei yake ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Pauni moja ilikuwa shilingi 20 tu. Basi mtu wa kazi ya mikono angeinunuaje? Hata wenye nafasi waliazima. Maktaba ya Charles Edward Mudie, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilitoza shilingi 21 kwa mwaka, na mtu akapewa juzuu moja kwa mara moja. Mudie alikataa vitabu alivyoona havifai nyumba ya heshima, na waandishi walimwogopa, maana yeye ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa.

Maskini walikuwa na vijitabu vya peni moja vilivyotoka kila wiki, vyenye picha za kutisha na habari za wanyang'anyi, mizuka na mauaji. Kimoja kilichojulikana sana, The Mysteries of London cha G. W. M. Reynolds, kilianza kutoka mwaka 1844. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Baadaye ushuru wa magazeti uliondolewa mwaka 1855 na ule wa karatasi mwaka 1861, na sheria ya elimu ya 1870 ikaongeza shule. Wasomaji wakazidi, na vijitabu navyo vikazidi.

2. Wakubwa walionaje?
Walifadhaika. Walisema vijitabu hivi vinawafundisha wavulana wizi. Mwaka 1895 Robert Coombes, mvulana wa miaka 13, alimwua mama yake huko Plaistow, London. Vijitabu vilikutwa nyumbani, na wengi wakasema hiyo ndiyo sababu. Lakini tupime hoja hiyo. Wavulana wengi mno walisoma vijitabu vilevile wala hawakumdhuru mtu. Kitu kukutwa penye kosa si ushahidi kwamba ndicho kilicholeta kosa.

3. Waliofanya jambo bora zaidi
Chama cha Kikristo kiitwacho Religious Tract Society, kilichoanzishwa mwaka 1799, kilikuwa kimegawa vijikaratasi vya maonyo kwa miaka mingi. Mwaka 1879 kikaanza gazeti la wavulana, The Boy's Own Paper, kwa bei ileile ya peni moja. Mwaka 1880 likafuata la wasichana. Ndani mlikuwa na safari za hatari, michezo, wanyama na kazi za mikono, na mahubiri yalikuwa machache. Likasomwa sana. Chama hicho kiliacha kulalamika tu, kikatia chakula kizuri sahanini.

Hata kwetu pwani kulikuwa na mtu wa zamani hizo aliyeheshimu hadithi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa Askofu mwaka 1874, alikusanya ngano za wenyeji, na mwaka 1870 zikachapishwa London kwa jina Swahili Tales. Mna masultani, majini, na yule paa wa Sultani Darai. Hakuziona kuwa upuuzi. Kwake zilikuwa njia ya kuijua lugha ya watu aliotaka kusema nao.

4. Tujifunze nini?
Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba kitabu kilichokatazwa husomwa chini ya meza. Mzazi anayenyang'anya kitabu, au simu yenye hadithi, asitoe kingine badala yake, amemwachia mtoto njaa ileile. Afadhali tusome kwanza tunachotaka kukilaumu, kisha tuzungumze na mtoto, kisha tumpe kilicho bora na kitamu.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Je, katika nyumba yako mna kitabu ambacho kijana angekisoma kwa hiari yake?
(b) Ni hadithi gani tunayoilaumu nasi hatujaisoma?
(c) Mtaa wetu waweza kufanya nini ili vijana wapate vitabu vizuri kwa bei wanayoiweza?