SUMU YA MUHOGO MCHUNGU HUTOKAJE?



Hapa kwetu Kingerikiti, na kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, muhogo ni chakula tena ni akiba. Jua likizidi mahindi hukauka, lakini muhogo husimama. Wengine hupenda muhogo mchungu kwa sababu wanyama waharibifu hawaushambulii sana. Kumbe uchungu huo unaambatana na sumu. Leo tujifunze sumu hiyo inakaa wapi, na inatokaje.

Vyumba vidogo

Muhogo umejengwa kwa vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kila chumba huitwa seli. Ndani ya seli mna kitu kiitwacho linamarini. Kwenye ukuta wa seli mna kichocheo, yaani kitu kinachoivunja linamarini. Muhogo ukiwa mzima, vitu hivi viwili havikutani. Ukiutwanga, au ukiuloweka mpaka ulainike, kuta hubomoka. Hapo vinakutana. Linamarini inavunjika, na mwishowe inatoka sumu iitwayo sayanaidi.

Sumu ikishatoka ni rahisi kuiondoa. Huchemka kwenye joto la nyuzi 26 tu, kwa hiyo huruka hewani. Nyingine huchukuliwa na maji. Hatari kubwa ni ile linamarini inayobaki imejificha ndani ya chakula.

Kuanika tu hakutoshi

Ukimenya muhogo mchungu na kuuanika tu kuwa makopa, maji yanakwisha kabla kuta nyingi hazijabomoka. Kichocheo kinaacha kazi. Linamarini nyingi inabaki kwenye unga.

Labda utauliza: "Mwalimu, moto wa ugali hauimalizi?" La. Maji yanayochemka huharibu kichocheo, lakini linamarini haiogopi moto wa jikoni. Mtu anaila, nayo inaweza kuvunjika tumboni mwake.

Ugonjwa wa konzo

Mtu akila muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, bila kitoweo cha maana, anaweza kupata konzo. Miguu hukakamaa ghafla, na haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama vijana. Konzo si uchawi, wala haiambukizi. Ilionekana Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilionekana Mtwara na katika Wilaya ya Mbinga, ambayo wakati huo ilikuwa moja na Nyasa yetu.

Tufanye nini?

Njia ya wazee wetu ni nzuri: menya, loweka siku 3 au 4 mpaka ulainike, kisha anika. Maji yake yamwage mbali, mifugo isiyanywe.

Je, kama maji ni shida, au unga umeshasagwa? Bwana Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia waligundua njia rahisi. Taasisi ya Chakula na Lishe iliipeleka mpaka vijiji vya Mtwara na Mbinga. Fuata hivi:

1. Tia unga mkavu katika bakuli. Weka alama unga ulipofikia.
2. Ongeza maji baridi kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha.
3. Tandaza unga huo kwenye ungo au mkeka safi. Unene usizidi sentimita 1, yaani upana wa ukucha wa kidole kidogo.
4. Uache kivulini saa 5, au juani saa 2.
5. Songa ugali siku hiyohiyo.

Maji yamekutanisha tena kichocheo na linamarini, na sumu imeruka. Njia hii hupunguza sumu mara 3 hadi 6. Unga salama hauzidi miligramu 10 za sumu katika kilo 1.

Tena usisahau kitoweo. Dagaa, samaki na maharage huusaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunatandaza unga uwe mwembamba?
2. Kwa nini tunalowesha unga kabla ya kupika, si wakati wa kupika?
3. Mwaka wa njaa, watu hufupisha kazi ya kuloweka. Kijiji chetu kitafanya nini ili watoto wasidhurike?