Udaktari Bingwa wa Tiba ya Familia: Maombi Huanzia kwa Mwajiri

Mama mkazi wa Nanyala mwenye kisukari, mwanawe mwenye pumu na bibi anayeumwa magoti hutibiwa, kwa kawaida, kama wagonjwa watatu wasiohusiana. Daktari bingwa wa tiba ya familia huwahudumia wote watatu, akiijua historia ya nyumba yao.

Fani hiyo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kwa miaka minne. Mwombaji sharti awe na shahada ya udaktari, awe amemaliza utarajali wa mwaka mmoja na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kwa daktari aliye katika utumishi wa umma ipo hatua inayotangulia hizo zote: kuingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri na kupata ruhusa ya maandishi. Wapo wanaoiona ruhusa hiyo kuwa urasimu mtupu. Sivyo. Kituo chenye daktari mmoja kikimkosa ghafla, mjamzito anayehitaji upasuaji hulazimika kusafirishwa hadi Vwawa. Barua ikiwasilishwa mapema, Mganga Mkuu hupata nafasi ya kutafuta wa kushika zamu, na mwombaji huenda masomoni bila kupoteza ajira yake.