Hitilafu au Sharti? Somo la Kupandisha Mfumo Endeshi wa Tarakilishi Kongwe Mtaani Umoja

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, tarakilishi ya mezani huwa mali ya jamaa nzima. Aghalabu hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, na hutarajiwa kuendelea kuwafaa watu wa nyumba hiyo kwa miaka mingi. Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutafuta chanzo cha tatizo pale tarakilishi ya aina hiyo inaposhindwa kupokea toleo jipya la mfumo endeshi. Hoja yetu kuu ni kwamba mtumiaji hana budi kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja la "kukataa": hitilafu, yaani kuharibika kwa kitu kilichostahili kufanya kazi, na sharti, yaani kigezo ambacho mtambo haukuundwa kukitimiza. Hitilafu hutibiwa. Sharti halitibiki, hutafutiwa njia nyingine.

Kisa chenyewe

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Tarakilishi ya nyumbani kwetu Umoja, iliyoundwa mwaka 2012, ilikuwa ikitumia toleo la zamani la mfumo huo. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili vyenye thamani: rekodi za sauti za masimulizi niliyokusanya kwa ajili ya tasnifu yangu, na hesabu za chama cha akina mama ambacho mama yangu ndiye mweka hazina wake. Nilipomweleza kwamba ninataka kuupandisha mfumo, hakuuliza habari za matoleo. Alisema tu, "Mwanangu, humo mna pesa za watu."

Kauli hiyo ndiyo iliyotupa hatua ya kwanza. Kabla ya kugusa chochote, tulinakili faili zote kwenye diski ya nje, kisha tukafungua kadhaa kutoka kwenye diski hiyo ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Ikumbukwe kwamba nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Daftari la chama nalo lilichapishwa kwenye karatasi.

Sharti

Jaribio la kwanza lilikuwa kupanda hadi Windows 11. Programu ya ukaguzi ilijibu kwamba tarakilishi yetu haifai. Kijana mmoja wa jirani alisema ina virusi; mwingine akashauri iuzwe kama vyuma vikuukuu. Wote wawili waliliona jibu hilo kuwa dalili ya ugonjwa, ilhali halikuwa hivyo. Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 kinachohifadhi funguo za siri, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Mtambo wa mwaka 2012 haungeweza kutimiza hayo hata ungekuwa mzima kabisa. Hapa hapakuwa na cha kutengenezwa.

Njia iliyosalia ilikuwa kuingia katika mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, uliopangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo ulidai kwanza tarakilishi iwe na toleo la 22H2 la Windows 10, lililotolewa Oktoba 2022. Sharti hili mtambo wetu uliweza kulitimiza. Hata hivyo, jaribio la kulipata toleo hilo nalo lilishindikana, na kwa kuwa mara hii mtambo ulikuwa na sifa zote zilizohitajika, tulijua kwamba sasa tunaitafuta hitilafu.

Hitilafu ya kwanza: saa

Kanuni ya msingi katika utafutaji wa chanzo ni kuandika dalili kama ilivyo, pamoja na siku na saa yake. Kusema "imekataa" hakumsaidii yeyote. Nilitenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kazi hiyo. Siku nyingine tarakilishi iliunganika na mtandao na kuanza kupakua. Siku nyingine ilidai kwamba haiwezi kufika kwenye huduma ya masasisho, na tovuti nyingi zikaonyesha onyo la kutokuwa salama. Baada ya siku nne, daftari lilionyesha jambo ambalo macho yetu hayakuwa yameliona: kila siku ya kushindwa ilitanguliwa na usiku ambao umeme ulikatika mtaani.

Nilitazama pembeni mwa skrini. Tarehe ilikuwa ya Januari 2012.

Maelezo yake si magumu. Tarakilishi ya mezani inapokosa umeme, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, aghalabu ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Betri hiyo ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya mwanzo kila umeme unapopotea. Nazo tovuti salama huthibitishwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mtambo unaoamini kwamba huu ni mwaka 2012, cheti kilichotolewa mwaka 2025 bado hakijaanza kutumika, hivyo hukikataa. Siku tulizofaulu ni zile ambazo ndugu yangu mdogo alikuwa amerekebisha saa kwa mkono bila kumwambia mtu.

Tuliuchomoa waya wa umeme ukutani, tukafungua kasha kwa bisibisi, tukabadilisha betri na kuweka tarehe sahihi. Hatukubadilisha kitu kingine siku hiyo. Anayebadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja hawezi kujua ni lipi lililoponya.

Hitilafu ya pili: nafasi

Upakuaji ulikamilika, lakini usakinishaji ulikoma na kutoa nambari 0x80070070. Nambari kama hizi huwatisha wengi, nazo ni maneno yenye maana. Hii husema kwamba nafasi katika diski haitoshi. Diski yetu ya gigabaiti 250 ilikuwa imebakiwa na gigabaiti 6 tu. Tulihamisha video za arusi kwenye diski ya nje, tukazijaribu, kisha tukazifuta kwenye tarakilishi. Laiti tungekutana na nambari 0xC1900101, tungezishuku kwanza programu zinazoendesha vifaa, kama vile ile ya printa.

Tuliurudia usakinishaji Jumapili asubuhi, wakati ambapo umeme wa mtaa wetu huwa tulivu. Asilimia zilisimama mahali pamoja kwa muda mrefu, na ndugu yangu akanyoosha mkono azime. Mama alimzuia. Mwenda pole hajikwai. Kuzima katikati ya kazi hiyo kungeweza kuzua hitilafu ya tatu, ambayo ingekuwa yetu wenyewe. Kufikia saa nane mchana toleo jipya lilikuwa limekaa, na hesabu za chama zilifunguka senti kwa senti.

Hitimisho

Mpango wa nyongeza ni wa muda tu. Kwa sababu hiyo, tumekwisha kuijaribu Linux Mint kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, tukaona kwamba printa na sauti zinafanya kazi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki kina funzo la ziada. Mwaka 2004 mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba lugha hii inaweza kukaa ndani ya mtambo. Kazi iliyosalia si ya kubuni istilahi pekee. Ni ya kuzitumia kwa usahihi majumbani. Dalili, chanzo, sharti na hitilafu ni maneno tuliyo nayo tayari. Tungeyachanganya, tarakilishi yenye rekodi za tasnifu na hesabu za chama ingeuzwa kama vyuma kwa kosa la betri moja ndogo.